Wageni Wakiondoka, Chango Linapamba Moto

Kuanzia saa kumi na moja jioni, nyumba yetu ya Tabata, Dar es Salaam, ilikuwa inaishi kwa kungoja. Mtoto ameoga, amenyonya, nepi kavu, ametulia. Kisha magharibi ikikaribia anaanza kulalama, anageuzageuza kichwa, halafu kinapanda kilio chenyewe: kikali, cha juu, ngumi zimefumbwa, uso umeiva, miguu imekunjwa mpaka tumboni. Nampa ziwa, analishika, analiachia, analia. Namweka begani, analia. Namlaza, ndiyo kabisa. Mpaka saa nne za usiku, siku nyingine saa tano, ndipo ghafla ananyamaza na kulala. Asubuhi anaamka ananyonya vizuri, anapata choo vizuri, anatazama feni inavyozunguka, na mgeni aliyekuja saa hizo huwezi kumwaminisha yaliyotokea usiku.

Kwetu Tanga hilo ni chango. Hospitali wanaita koliki. Huyu alikuwa mtoto wangu wa pili; wa kwanza hakuwa nalo, kwa hiyo nisingeweza kusema nimezoea. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye yuko ndani ya jambo hili sasa hivi, anasoma simu kwa mkono mmoja huku wa pili umembeba mtoto, na kwa ajili ya watu wanaokaa naye, ambao pengine wana kazi kubwa kuliko yeye.

Kabla sijaenda mbali, kuna mtoto ambaye makala hii si yake. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, au mwili uliopoa chini ya nyuzi 35.5. Mtoto anayekataa ziwa kabisa, au aliyelegea kiasi kwamba hata kulia kwenyewe kumebaki kuguna. Anayetapika matapishi ya kijani. Mwenye damu kwenye choo. Anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au ambaye kifua kinabonyea kwa ndani akivuta pumzi. Mwenye utosi uliovimba, aliyepata degedege, mwenye uvimbe mgumu kwenye kinena au kwenye korodani. Huyo anapelekwa kituo cha afya usiku huu huu, hata kama nyumba nzima inasema ni chango tu. Na hata huyo asiye na dalili hizo, mvue nguo zote umtazame mwili mzima kwenye mwanga. Unywele wa mama au uzi wa soksi huweza kujisokota kwenye kidole cha mguu ukakibana mpaka kikavimba, na mtoto hana namna ya kukuonyesha pale panapouma.

Ukishayaondoa hayo, na kadi ya kliniki inaonyesha uzito unapanda kila mwezi, linabaki chango.

Mwaka 1954 daktari wa watoto Morris Wessel, aliyekuwa New Haven huko Marekani, pamoja na wenzake walitoa kipimo kinachotajwa mpaka leo: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Ni njia ya kuhesabu, haielezi chanzo, na hakuna mama anayekaa na saa kuhesabu hivyo. Wataalamu wa maradhi ya tumbo walipopitia upya vigezo vyao, vile viitwavyo vya Roma, mwaka 2016, waliziacha hizo saa kwa kazi ya kliniki. Walisema ni mtoto wa chini ya miezi mitano, anayelia kwa vipindi virefu vinavyojirudia bila sababu inayoonekana, ambaye hana homa, si mgonjwa na anakua vizuri. Katika maelezo yao wakaweka jambo moja ambalo natamani lingebandikwa ukutani kwenye kila kliniki ya mama na mtoto: kilio hicho walezi hawawezi kukizuia wala kukimaliza.

Lisome tena hilo. Kushindwa kumnyamazisha kumo ndani ya maana yenyewe ya chango. Mama anayeambiwa "huyu hajui kubembeleza", "maziwa yake mepesi", "alikula nini huyu", anashtakiwa kwa kitu ambacho wataalamu wameshaandika kwamba hakizuiliki kwa mikono ya mtu. Nimekaa na wazazi wenzangu kwenye mabenchi ya kliniki, na ninachokisikia zaidi si malalamiko ya kukosa usingizi. Ni aibu. Wanaona aibu kwamba mtoto analia mikononi mwao na jirani anasikia.

Chanzo chenyewe hakijathibitishwa. Gesi ndiyo inayosingiziwa kila mahali, kwa sababu tumbo linakuwa gumu na mtoto anajamba, lakini mtoto anayelia kwa nguvu anakaza misuli ya tumbo na kumeza hewa, kwa hiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo inaletwa na kilio chenyewe. Wanachunguza bakteria wa utumbo, wanachunguza ubongo na mishipa ya fahamu ambayo bado inajifunza kujituliza. Wachache wana mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na hao mara nyingi wana alama nyingine pia: kamasi au damu kwenye choo, ngozi yenye ukurutu, kutapika sana. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba watoto wa miaka 6 hadi 18 wenye kipandauso walikuwa wameugua chango zaidi uchangani kuliko wenzao, jambo linaloashiria kwamba huenda si suala la tumbo peke yake.

Ila kinachojulikana vizuri, na ambacho kilinisaidia kuliko chupa yoyote, ni mwendo wake. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton wa Marekani alichapisha matokeo ya kina mama 80 walioandika kila siku vilio vya watoto wao wachanga wenye afya njema, watoto wa kawaida tu. Wakiwa na wiki mbili walilia kama saa moja na robo tatu kwa siku. Kilio kikapanda, kikafika kileleni wiki ya sita, karibu saa mbili na robo tatu, halafu kikaanza kushuka. Na kilikuwa kikirundikana jioni. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba chango linawapata kati ya asilimia 17 na 25 ya watoto katika wiki sita za mwanzo, lakini wiki ya kumi mpaka ya kumi na mbili wanaobaki nalo hawafiki hata asilimia moja. Mtoto aliyezaliwa njiti anahesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, kwa hiyo wiki yake ya sita inachelewa. Mama yake aambiwe mapema asije akadhani mambo yamemharibikia upya.

Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya kalenda yetu ya uzazi. Siku arobaini ni wiki tano na siku tano.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga siku chache kabla sijajifungua, na begi lenye mafuta ya nazi, pilipili manga, na kanga kuukuu zilizolainika za kumbebea mtoto. Nilikandwa kwa maji ya moto, nikanywa uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji, nikalala mchana wakati yeye anamwogesha mtoto. Wifi zangu walipokezana. Majirani walileta vyakula. Kilio kilipoanza, wiki ya tatu hivi, kulikuwa na mikono mingi ya kukipokea, na mama akaniambia, "Tulia mwanangu, hata wewe ulinililia hivi." Tukafika arobaini, mtoto akatolewa nje, tukasoma dua, tukala pilau, mama akapanda basi kurudi Tanga kwa sababu naye ana shamba na ana baba. Wifi wakarudi kwao. Na jioni ileile ya kwanza ya ukimya wa nyumba, mtoto alilia kuliko alivyowahi kulia.

Siyo kwamba wazee wetu walikosea hesabu. Arobaini imepangwa kwa ajili ya mwili wa mzazi, na kwa mwili wa mzazi inatosha vizuri: tumbo la uzazi linarudi, damu inakatika, hata hospitali wanakuita wiki ya sita kukuangalia. Tofauti ni makazi. Zamani kumaliza arobaini maana yake ulikuwa unatoka chumbani na kurudi uani, na uani kulikuwa na bibi, mke mwenzako, wifi, mabinti wa nyumba ya pili. Msaada haukuwa na tarehe ya kuondoka kwa sababu haukuwa umesafiri. Kwenye vyumba viwili vya kupanga mjini, arobaini ikiisha, msaada unapanda basi. Unaondoka wiki ileile kilio kinapofika kileleni, na mzazi anabaki peke yake na jambo gumu kuliko yote ya miezi ile mitatu, akiamini kwamba kama anaelemewa ni yeye ndiye dhaifu, kwa kuwa arobaini si imeshaisha.

Na mwanya huo ndio unaojazwa na dawa.

Nianze na ile ya dukani. Woodward's Gripe Water ilikuwepo duniani kabla bibi zetu hawajazaliwa. Ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na mfamasia William Woodward: mafuta ya shibiti, soda ya bikaboneti (baking soda), sukari, maji, na pombe asilimia 3.6. Pombe hiyo iliondolewa Uingereza mwaka 1992, miaka mia na arobaini baadaye. Siku hizi ziko aina nyingi na nyingi hazina pombe, lakini hakuna ushahidi mzuri kwamba zinaponya chango. Kitu kitamu ulimini humtuliza mtoto mchanga kwa dakika chache, na hilo ndilo mama analoliona. Matone ya simethikoni, yale ya gesi, yalipopimwa Marekani mwaka 1994 dhidi ya matone yasiyo na dawa, hayakuonyesha tofauti. Kilichoonyesha matumaini kidogo ni bakteria rafiki aitwaye Lactobacillus reuteri, wa aina ya DSM 17938, anayeuzwa kama matone, na ni kwa wanaonyonya maziwa ya mama tu. Uchambuzi wa 2018 uliona kilio kinapungua kwao, lakini kwa wanaotumia maziwa ya kopo faida haikuonekana. Ukitaka kuyajaribu matone hayo, muulize daktari kwanza. Usiyakopee hela.

Kinachonihuzunisha zaidi ni maji. Maji ya chango, maji ya sukari na chumvi, maji ya glukosi, uji mwepesi "ashibe alale". Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita ya kwanza, bila hata tone la maji, na utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulionyesha asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya hivyo. Wengine wanaanzishiwa kitu kingine mapema, na kilio ni moja ya sababu zinazotajwa na kina mama: mtoto analia, basi maziwa hayatoshi. Lakini mtoto mwenye chango ambaye uzito wake unapanda anashiba. Maji yanamjaza tumbo dogo, anapunguza kunyonya, maziwa nayo yanapungua, na kama maji si salama anaharisha. Hapo umechukua mtoto mzima anayelia ukampa ugonjwa. Asali pia isimguse ulimi kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wa mchanga hauwezi kuvizuia. Na dawa za kuchua zenye kafuri zisipakwe tumboni wala kifuani mwake; kafuri ni sumu kwa watoto wadogo. Ukitaka kumkanda tumbo, mafuta ya nazi yanatosha, taratibu, mviringo, akiwa hajashiba sana. Sidai kwamba yanaponya chango. Nadai kwamba hayamdhuru, na mkono wa mama una joto.

Halafu kuna wembe. Hili nitalisema bila kuzunguka. Wako watoto katika nchi hii waliokatwa kimeo kwa sababu ya kulia na kukohoa, na wako waliofukuliwa fizi kutolewa kile kinachoitwa meno ya plastiki, mahali pengine meno ya nailoni. Hakuna meno ya plastiki. Kile cheupe kinachotolewa kwenye fizi ni chimbuko la jino la mtoto, mara nyingi chonge, ambalo bado halijakomaa. Linachokonolewa na kifaa kisicho safi, mtoto anatoka damu, anaweza kupata pepopunda au maambukizi ya damu, na meno yake ya baadaye yanaota vibaya au hayaoti. Mama anayempeleka mtoto huko hana ukatili. Amekesha, ameambiwa na mtu anayemheshimu, na mtoto ana homa au anaharisha au halali. Ndiyo maana nasema watu wanaokaa na mzazi wana kazi kubwa: mtu mmoja wa kumwambia "hapana, twende kituo cha afya" anaokoa kinywa cha mtoto, na pengine roho yake.

Kuhusu chakula cha mama, nina msimamo. Mzazi aache kunyimwa maharage. Ananyimwa maharage, kabichi, machungwa, pilipili, samaki wa aina fulani, mpaka anabaki na uji na chai, halafu anatarajiwa atoe maziwa usiku kucha. Gesi ya maharage inatengenezwa kwenye utumbo wa mama na haipiti kwenda kwenye ziwa. Kama kuna dalili za mzio nilizozitaja, daktari anaweza kushauri mama aache maziwa ya ng'ombe na vitu vyake kwa wiki mbili aangalie mabadiliko. Zaidi ya hapo, mwacheni ale.

Sasa kinachosaidia. Nitaeleza tulichofanya sisi na ninachokijua kuhusu kila kimoja, kwa sababu vingine vinasifiwa kupita kiasi.

Mbeleko ndiyo ya kwanza. Mwaka 1986 watafiti Hunziker na Barr wa Montreal, Kanada, waliwaomba wazazi wa kundi moja wawabebe watoto saa zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii. Wiki ya sita watoto wale walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao, na jioni pungufu kwa asilimia 51. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa. Lakini Barr huyohuyo na wenzake walipochambua mwaka 1991 kumbukumbu za watoto wa Wakung wa Kalahari, watu ambao mtoto haachi mwili wa mama na ananyonya mara kadhaa ndani ya saa moja, walikuta nao wana mlima uleule wa kilio katika miezi ya mwanzo. Walilia mara nyingi vilevile, ila kila kilio kilikuwa kifupi. Na utafiti mwingine juu ya watoto ambao tayari wana chango haukuona kwamba kubebwa zaidi kunalimaliza. Kwa hiyo mbeleko ifungwe mapema, mchana, kabla ya saa ya kilio, na ikishindikana jioni asiambiwe mtu kwamba hakubeba vya kutosha. Mtoto awekwe wima kifuani, uso unaonekana, kidevu hakijagandamizwa kifuani kwake mwenyewe.

Kutembea naye ni ya pili, na hapa Wajapani walituletea jambo zuri. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN walipima mapigo ya moyo ya watoto 21 na kuona kwamba kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye dakika tano bila kusimamasimama kunamtuliza na mara nyingi kunamlaza. Tatizo ni pale anapowekwa kitandani, anazinduka. Walipendekeza ukae naye mikononi dakika nyingine tano mpaka nane akiwa amelala, ndipo umlaze. Mume wangu aliichukua hiyo kama kazi yake. Alitembea kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi, akakaa kwenye kochi akingoja dakika zipite, akamlaza. Haikufanya kazi kila siku. Ilifanya kazi siku za kutosha kutufanya tuendelee.

Kumlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, kiganja chako chini ya tumbo lake, kulimsaidia wetu sana. Ila hiyo ni akiwa macho na akiwa mkononi. Kulala analala chali, kitandani, bila mito na mablanketi mazito usoni, kila mara, hata kama kifudifudi anaonekana kustarehe. Na kochi si mahali pa kusinzia na mtoto. Mtu akihisi usingizi unamzidi, amkabidhi mwingine au amweke mtoto kitandani mwake. Sauti ya mfululizo nayo inatuliza wengine: feni, bomba la maji, redio iliyo kati ya stesheni, sauti ya chini, mbali na sikio. Maji ya uvuguvugu. Chumba chenye giza na watu wachache, maana mtoto aliyechoka akipitishwa mikono kumi huku kila mmoja anamchezesha anazidi kuchoka.

Wa chupa wana mambo yao. Awekwe wima kidogo, chuchu ijae maziwa na si hewa, maziwa yachanganywe kwa kipimo cha kopo bila kuongeza wala kupunguza, na katikati acheulishwe. Kubadilisha kopo kila wiki kunakula hela tu. Anayenyonya ziwa, muuguzi amwangalie anavyoshika: mdomo wazi, weusi wa ziwa umeingia, kidevu kimegusa. Akimaliza ziwa moja ndipo apewe la pili.

Kuna jioni hivyo vyote vinagoma. Hapo ndipo panapotakiwa mtu mzima wa pili, na sisemi hivyo kwa sababu ya uchovu peke yake. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kumsababishia kuvuja damu kwenye ubongo, upofu, ulemavu wa maisha, kifo. Shingo yake haiwezi kukishika kichwa. Barr na wenzake walipotazama umri wa watoto waliolazwa kwa majeraha ya kutikiswa, waliona idadi inapanda na kushuka kwa sura ileile ya mlima wa kilio, nyuma yake kidogo. Wengi wanaotikisa si watu wabaya. Ni watu waliofika mwisho, peke yao, usiku. Kwa hiyo ukisikia mikono inaanza kukaza, au kuna wazo linakupitia kichwani ambalo usingependa mtu alijue, mlaze mtoto chali kitandani mwake, funga mlango, toka nje. Dakika kumi. Nawa uso, piga simu, kaa kibarazani na jirani. Mtoto anayelia peke yake dakika kumi kitandani salama hadhuriki. Na kama huzuni haiondoki hata asubuhi akiwa kimya, huli, hupati usingizi hata yeye akilala, au unaona afadhali usingekuwepo, mwambie muuguzi wa kliniki maneno hayohayo bila kuyapunguza. Sonona baada ya kujifungua inatibika, na kilio cha muda mrefu kinaichochea.

Mimi nilipata mtu wa pili kwa sababu mume wangu alikuwa na siku zake za likizo ya mwaka hajazigusa. Likizo ya uzazi ya baba kwa sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa kawaida ni siku tatu, nazo zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili. Zote zinaisha kabla chango halijafika popote. Mama wa Tanzania ana siku 84, ambazo ni wiki kumi na mbili, au 100 akizaa zaidi ya mmoja, yaani anarudi kazini pale mlima unapokuwa umeshuka. Hapo sheria, kwa kujua au kwa bahati, imelenga. Ya baba haikulenga kabisa. Ningependa siku moja wabunge waiongeze, na waruhusu achague wiki ya kuichukua.

Tukisubiri hilo, familia inaweza kupanga upya yenyewe. Mdogo wangu yuko Dodoma na atajifungua mwezi ujao. Tumeshakaa kikao kwa simu na mama. Mama mkwe wake, ambaye yuko karibu, atakaa naye wiki mbili za mwanzo kwa kukandwa na maji ya moto. Mimi nitakwenda wiki ya tatu. Mama yetu hatatoka Tanga mpaka wiki ya tano, na atakaa mpaka ya tisa, arobaini itamkuta hapo na itampita hapo. Shemeji ameomba likizo yake ya mwaka ianze wiki ya sita, na zamu yake ni kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, kila siku. Chakula cha jioni kitapikwa mchana ili jiko lisiwe na kazi saa hizo. Thamometa imeshanunuliwa. Namba ya simu ya kituo cha afya cha karibu imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni, pamoja na zile dalili za kukimbilia hospitali.

Mama aliuliza swali moja tu: kama mjukuu hatakuwa na chango, atakuwa amekwenda Dodoma kufanya nini? Mdogo wangu akamjibu, "Mama, utakuja ulale tu, na mimi nilale."